Saini Mbili kwa Safari Moja



Leo tuanzie uwanja wa ndege. Ndege ikipaa, karibu sote tunamuwaza mtu mmoja tu: rubani. Kofia, mistari minne begani, miwani ya jua. Nani hakuwahi kutamani kuwa yeye? Lakini yupo mtu mwingine ambaye abiria hawamwoni kabisa. Hapandi ndege ile, pengine hata yuko mji mwingine, na kwenye mashirika mengi bila yeye ndege haiondoki. Kwa lugha ya kazi wanamwita dispacha.

Usimchanganye na mwongoza ndege, yule wa kwenye mnara anayewaambia marubani sasa ruka, sasa tua. Mwongoza ndege anaangalia ndege za mashirika yote zisikaribiane. Dispacha ni mtu wa shirika lenyewe, na kazi yake inaanza abiria wakiwa bado wanapanga mabegi nyumbani. Anasoma hali ya hewa ya unakotoka, ya njiani na ya unakokwenda. Anapima upepo wa juu, uzito wa watu na mizigo, na hitilafu ndogo ambazo ndege inazo siku hiyo. Anachagua njia. Anajiuliza: uwanja wa kufikia ukifungwa kwa ukungu, hawa watu watatua wapi? Halafu anakokotoa mafuta. Kwa safari za ndani za Marekani, kwa mfano, sheria inataka mafuta ya kufika unakokwenda, mafuta ya kutoka hapo hadi uwanja mbadala pale unapohitajika, na juu yake dakika 45 nyingine za akiba. Ndege ikishapaa, dispacha haendi kunywa chai akasahau. Anaifuatilia kwenye skrini mpaka itue, na likitokea jambo anamtumia rubani ujumbe akiwa huko huko angani.

Sasa sikia hili, maana ndilo neno letu la leo. Kwa mashirika makubwa ya abiria ya Marekani, sheria inasema rubani mkuu na dispacha wanawajibika kwa pamoja kwa maandalizi ya safari. Kibali cha safari kina saini mbili. Kila mmoja anatakiwa kusaini pale tu anapoamini kwamba safari ile inaweza kufanyika kwa usalama. Rubani akikataa, ndege haiendi. Dispacha akikataa, ndege haiendi, hata kama rubani ana nywele nyeupe na miaka thelathini kazini, na dispacha ni kijana aliyepata leseni juzi. Nchi nyingine zinagawa madaraka haya kwa namna tofauti, na mahali pengine rubani ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi. Lakini popote pale wazo ni moja: asiwepo mtu mmoja peke yake anayeamua juu ya roho za watu wengi.

Utaratibu huu ulitokana na misiba. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei 1935, ndege ya shirika la TWA ilikuwa njiani kwenda Kansas City. Redio ilikuwa na tatizo, hali ya hewa ikawa mbaya, mafuta yakazidi kupungua. Ikaanguka shambani katika jimbo la Missouri na watu watano wakafa, mmoja wao seneta Bronson Cutting. Msiba huo ulizusha mjadala mkubwa, na mwaka 1938 Marekani ikapata sheria mpya ya usafiri wa anga. Chini ya sheria hiyo dispacha akawa mtu mwenye leseni na wajibu wake.

Basi nikuulize swali moja kabla hatujaendelea. Safari yako ya maisha, hii unayoiendesha sasa hivi, ina saini ya nani mwingine zaidi ya yako?

Mfungwa aliyejua bahari

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Kama hujawahi kuisoma yote, isome leo kabla ya kulala. Ni kama filamu.

Mtume Paulo anapelekwa Roma akiwa mfungwa, chini ya akida mmoja aitwaye Yulio. Meli imefika mahali panapoitwa Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Majira ya dhoruba yameshaingia. Paulo anawaambia wazi: tukiendelea, tutapata hasara ya mzigo, ya meli na hata ya maisha yetu. Na alijua anachosema. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho (11:25), iliyoandikwa kabla ya safari hii, anasimulia kwamba alikuwa ameshavunjikiwa na meli mara tatu!

Lakini nani amsikilize mfungwa? Akida akamwamini zaidi nahodha na mwenye meli. Wengi wakapiga kura ya kuondoka, kwa sababu bandari ile haikuwa nzuri kukaa wakati wa baridi. Na wala hawakuwa wanakwenda mbali siku hiyo. Walitaka tu kusogea mpaka Foinike, bandari nyingine ya kisiwa hicho hicho. Kakipande kadogo tu ka safari.

Kisha ukaja mstari ambao mimi huniogopesha kuliko hata dhoruba yenyewe (27:13). Upepo mwanana wa kusini ukaanza kuvuma, nao wakadhani wamefanikiwa. Waling'oa nanga wakiwa na furaha. Pengine kuna aliyemtazama Paulo kwa jicho la "umeona sasa?" Muda si muda tufani ikashuka kutoka nchi kavu, na kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota.

Wapendwa, maamuzi mengi mabaya huanza na upepo mwanana. Mkopo wa kwanza wa kwenye simu ulikuja kwa dakika mbili, bila mdhamini. Mkeka wa kwanza uliliwa, ukanunua viatu. Yule mtu aliyekuandikia ujumbe wa kwanza alikuwa mpole, anakusikiliza kuliko wote nyumbani. Ukasema, "Si mnaona? Hakuna shida." Ukiwa ndani ya meli hauioni tufani iliyoko nyuma ya mlima. Anayeweza kuiona ni mtu aliyesimama mahali pengine.

Ndiyo maana dispacha ana thamani. Rubani ana macho mazuri na mikono mizuri, lakini anaona kile kilicho mbele ya kioo chake. Dispacha ana ramani nzima. Anajua kwamba uwanja ulioko kilomita elfu moja mbele umeanza kufunikwa na ukungu. Na rubani naye anajua vitu ambavyo dispacha havijui: ndege inavyotikisika, wingu lililo mbele linavyoonekana, uchovu wa wenzake. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na abiria wanahitaji zote mbili.

Tatizo la maneno ya upole

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 ilitoka Bogotá, ikapitia Medellín, ikaelekea New York. Ilikuwa na watu 158. Hali ya hewa ya New York ilikuwa mbaya, ndege zimepanga foleni angani. Ndege hii ikazungushwa hewani mara tatu, jumla yake zaidi ya saa moja. Mafuta yakawa yanakwisha. Waliomba wapewe kipaumbele. Walisema mafuta yanawaishia. Walipoulizwa uwanja wao mbadala, wakataja Boston, lakini kwa mafuta yaliyobaki Boston ilikuwa haifikiki tena. Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Wakiwa wanazunguka kujaribu tena, injini zikazimika zote. Watu 73 wakafa pale Cove Neck, Long Island. Ndege haikuwaka moto, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Wachunguzi wa Marekani walisema sababu ni wafanyakazi wa ndege kushindwa kusimamia mafuta yao na kutotoa taarifa ya dharura mapema. Neno lenyewe, "dharura", halikuwahi kumfikia mwongoza ndege. Kisha wakaongeza jambo ambalo wengi hawalitaji: kilichochangia ajali ile ni kwamba marubani hawakuutumia mfumo wa dispacha uwasaidie katika safari ile ndefu, kwenye uwanja wenye msongamano na hali mbaya ya hewa. Ramani nzima ilikuwepo ardhini. Hakuna aliyeiuliza.

Tusiwahukumu marehemu hawa. Tuwaombee. Lakini tujifunze, maana sisi nasi tunaongea hivyo hivyo.

"Mambo vipi?" "Poa." "Kazini?" "Tunapambana." "Nyumbani?" "Mungu anasaidia." Tunazungukazunguka hewani miezi sita na tanki tupu, na neno letu zito kuliko yote ni "niombee tu". Wenzetu wanajibu "Amina" na emoji ya mikono, wanaendelea na mambo yao. Si kwamba hawatupendi. Hatujawaambia.

Kijana, kama hali ni dharura, sema dharura. "Nimekopa sehemu nne, wananitumia vitisho." "Nimeacha chuo na wazazi hawajui." "Nina mimba." "Nimeshindwa kuacha, kila usiku narudia." Na kama moyoni umeanza kuwaza kuukatisha uhai wako, usingoje jumuiya ya wiki ijayo. Mwambie mtu leo, kwa maneno hayo hayo, na umwombe asikuache peke yako. Kumweleza mtu ukweli kabla injini hazijazimika si udhaifu.

Kanisa letu linalijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana katika Kitubio tunafundishwa kutaja dhambi nzito kwa aina na idadi yake. Kuna anayeingia kwenye kiti cha maungamo akasema, "Padre, nimekosa kwa namna mbalimbali kama binadamu," halafu kimya. Hiyo ni kuomba kipaumbele. Taja jambo lenyewe. Padre hashtuki, siri ya maungamo haitoki, na Kristo yuko pale na rehema yake yote.

Saini haitolewi kwa urafiki

Sasa tugeuze upande wa pili. Wewe si rubani tu wa maisha yako. Kwa mtu fulani wewe ni dispacha.

Dispacha anashinikizwa kila siku. Shirika linataka ndege iondoke kwa wakati. Mafuta ni ghali, na ukibeba mengi ndege inakuwa nzito na kula mengi zaidi. Abiria wamekasirika. Kapteni naye anataka kufika nyumbani. Ni rahisi sana kusaini tu yaishe. Lakini fikiria mazungumzo ya watu wawili wanaoheshimiana:

"Kapteni, naona ngurumo zinakaribia pale. Naomba tuongeze mafuta."

"Mbona ripoti ya saa iliyopita ilikuwa safi?"

"Ni kweli, lakini hii ni ya dakika kumi zilizopita. Itazame nawe uniambie unaonaje."

"Sawa, nimeiona. Ongeza. Tutachelewa kidogo, tutawaeleza abiria."

Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeshindwa. Kapteni ameuliza, dispacha ameonyesha, wameamua pamoja.

Nabii Ezekieli katika sura ya 33 anaeleza habari ya mlinzi anayeuona upanga unakuja asipige tarumbeta. Mungu anasema damu ya watu ataidai mkononi mwa mlinzi huyo. Neno zito! Na Kaini alipoulizwa ndugu yako yuko wapi, akajibu kwa swali, kana kwamba ulinzi wa ndugu haumhusu (Mwanzo 4:9). Kuwaonya wakosefu na kuwashauri wenye mashaka ni miongoni mwa matendo ya huruma ya kiroho. Tuliyakariri kwenye mafundisho ya Kipaimara, tukayaacha pale pale.

Rafiki yako akikuonyesha mpango wake ukajua moyoni kwamba mafuta hayatoshi, ukamjibu "nenda tu mwanangu, utatoboa", umesaini usichokiamini. Rafiki anayesaini kila kitu hakusaidii, hata akiwa mcheshi namna gani.

Lakini onya kama ndugu. Mashirika ya Marekani yana kanuni nzuri: kwa kawaida dispacha anatakiwa, kila mwaka, akae angalau saa 5 ndani ya chumba cha marubani akiangalia wanavyofanya kazi. Kwa nini? Ili anapokaa mezani kwake ajue uzito wa kile anachomwomba mwenzake. Nasi kabla ya kumkemea mtu, tukae naye kwenye kiti chake. Umewahi kufika kwake? Unajua analala na nani chumba kimoja, anamlipia nani ada? Neno la mtu aliyekaa nawe linaingia. La mtu anayekusoma kwenye status tu haliingii.

Usukani ni wa rubani

Hapa pana tahadhari. Dispacha hashiki usukani. Ikitokea dharura angani, rubani ana mamlaka ya kuamua na kutenda mara moja kwa ajili ya usalama, hata kama anatoka nje ya mpango, kisha atatoa maelezo baadaye. Yeye ndiye aliye ndani ya ndege.

Katika maisha ya roho ni vivyo hivyo. Mungu amekupa dhamiri na hiari, na hakuna mtu anayeruhusiwa kukunyang'anya. Kiongozi mzuri wa roho atakuonyesha ramani, atakuuliza maswali, atakuambia hapana inapobidi, kisha atakuacha uamue mbele ya Mungu. Ukikutana na mtu anayejiita mtumishi, anataka akuchagulie mchumba, ashike simu yako, akukataze kuongea na wazazi na paroko, huyo hataki kusaini pamoja nawe. Anataka kuiteka ndege. Kimbia.

Kaa mpaka itue

Turudi kwa Paulo pale baharini. Onyo lake lilipuuzwa, na tufani imekuja kama alivyosema. Angeweza kukaa pembeni akasema, "Niliwaambia." Na kweli alilitaja, mara moja (27:21). Lakini hakuishia hapo. Aliwaambia wajipe moyo. Malaika alimjulisha kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye, na hapo ndipo utajua alikuwa anawaombea akina nani usiku ule. Usiku wa kumi na nne, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mtumbwi, Paulo akamwambia akida na askari, na safari hii wakamsikiliza papo hapo. Kulipokaribia kupambazuka akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Wakachangamka. Walikuwa watu 276. Meli ilivunjika, lakini watu wote walifika salama nchi kavu, kisiwani Malta.

Dispacha mwema ni huyo. Anaonya kabla, na akipuuzwa hazimi skrini. Je, yule rafiki uliyemwonya akaenda hivyo hivyo, akaharibikiwa, bado unamfuatilia? Au ulishamfuta namba? Anaweza kuwa yuko sasa hivi hewani, anazunguka, anaona aibu kukupigia wewe kwa sababu ulimwambia. Mpigie wewe.

Kwa hiyo wiki hii, mambo matatu. Kwanza, mtaje mtu mmoja ambaye utampa ruhusa ya kukuambia hapana. Awe paroko, msimamizi wako wa Kipaimara, mama mmoja wa jumuiya, au mwenzako wa VIWAWA au TYCS mwenye busara. Mwambie kwa mdomo wako: "Ukiona ninapotea, uniambie." Fanya hivyo sasa hivi kukiwa shwari, maana katikati ya tufani ni vigumu kuanza kujuana. Pili, jambo lile moja unaloliita "poa" na si poa, mpelekee mtu huyo kwa jina lake halisi. Tatu, mtafute mmoja aliyepuuza onyo lako, umuulize anaendeleaje, bila kumkumbusha uliyoyasema.

Mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanaanga, na sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Tujiweke mikononi mwake, pamoja na marubani, madispacha na abiria wote walioko safarini saa hii.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyewatuma wanafunzi wako wawili wawili, usiniache niendeshe peke yangu. Nipe unyenyekevu wa kumsikiliza anayeona nisichokiona. Nipe ujasiri wa kusema ukweli wangu kabla mafuta hayajaisha. Nipe upendo wa kumwonya mwenzangu, na uvumilivu wa kukaa naye mpaka afike nchi kavu. Amina.

Bikira Maria wa Loreto, utuombee.